Mwanamke Aliyerudi Kijijini

Kwa miaka mingi watu wa mtaa wa Kikula walimwita Hilaire Mukalay "Docteur", ingawa hakuwa daktari wa kitu chochote. Alikuwa mwalimu wa uchumi katika shule moja ya sekondari hapa Likasi. Jina hilo lilianza kama heshima, likaendelea kama mazoea, na kila alipoitwa hivyo aliinamisha macho kama mtu aliyeangusha kitu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Mwaka aliostaafu nilikwenda kumsalimia, akanisimulia habari hii bila mimi kumwomba. Mke wake alikuwa palepale akichambua mchele, na mara mbili alimkatiza ili asijipunguzie kosa.

Hilaire alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, baba yake akiwa mtu wa kiwanda cha shaba. Alikuwa na akili ya darasani, mapadri wakamsukuma mbele, akafika Kinshasa na kurudi na shahada ya uchumi. Huku Likasi watu wachache sana walikuwa na karatasi kama ile. Lakini yeye alitaka doctorat, shahada ya juu kuliko zote, na aliitaka Ulaya. Alisema kwamba bila hiyo atabaki kufundisha mambo ambayo watu wengine wameyaona.

Mwaka 1972 aliandikia vyuo vikuu vitatu vya Ubelgiji. Kuandaa dossier moja tu ya maombi kulikuwa kazi ya miezi. Nakala za diploma zilitaka mihuri, barua za mapendekezo zilitakiwa kutoka kwa maprofesa ambao wengine walikwisha kurudi kwao. Tena ndio mwaka ule majina ya Kikristo yaliondolewa kwenye vitambulisho. Diploma ilisema Hilaire Mukalay, kitambulisho kilisema Mukalay Nsenga, na ilibidi atafute cheti cha kuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Vyuo viwili havikujibu. Cha tatu kilijibu kwa ukurasa mmoja, saini ya Profesa Urbain Lemmens. Hilaire alikuwa amependekeza kuchunguza bei ya shaba duniani. Profesa aliandika kwamba jambo hilo lina watafiti wengi wenye maktaba kubwa kuliko ya Likasi, kisha akamaliza kwa swali: "Ni kitu gani unachokiona huko ambacho sisi hapa hatuwezi kukiona?"

Hilaire aliitupa barua mezani. Aliona ametukanwa.

Mke wake, Marceline, aliichukua akaisoma. Alikuwa amesoma kwa masista miaka minne baada ya shule ya msingi, na Kifaransa chake kilikuwa safi, ingawa hakukitumia mbele za watu. Kazi yake ilikuwa kuuza samaki wakavu kwenye soko la Kikula. Mama yake alitoka katika vijiji vya wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, na ndugu wa kule walimletea mzigo kwa lori.

"Papa Firmin," alisema, maana Firmin ndiye mtoto wao wa kwanza, "ule muzungu anakuuliza ulizo, weye unakasirika juu ya nini? Ulizo iko na jibu."

"Jibu gani?"

"Samaki."

Hilaire alicheka. Baada ya siku tatu hakucheka tena. Kila mtu aliona bei ya vitu ikibadilika, lakini hakuna aliyejua jinsi gani bei inapangwa katika soko lisilo na kibandiko hata kimoja. Alitunga maswali ishirini na manne, akayachapa kwenye stensili ya shule, akaenda sokoni Jumamosi na tai yake shingoni. Akina mama walipoona tai na karatasi walidhani ametumwa na watu wa ushuru. Mmoja alisema hauzi chochote, anamshikia mwenzake mahali. Mwingine alimtajia bei ya mwaka uliopita. Jioni ile Hilaire alikuwa na karatasi thelathini zilizojaa uongo, na hata yeye alijua.

"Lete," Marceline akasema.

Alizichukua karatasi tupu na kwenda nazo mwenyewe. Hakuuliza kama mtu anayeuliza. Alikaa palepale alipokaa siku zote, karibu na Mama Berthe, muuza samaki mwenzake, akaongea na kusikiliza, na mteja alipoondoka akaandika. Alifanya hivyo miezi kumi na minne. Alikwenda pia masoko mengine ya mji, na mara mbili alipanda lori hadi ziwani kuona samaki wanavyopita kutoka mkono hadi mkono. Karatasi mia mbili na kumi na mbili zilijaa, zote kwa mwandiko wake wa shule ya masista, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo.

Lakini lililokuwa na thamani zaidi halikuwa kwenye mistari ya majibu. Lilikuwa pembeni. Swali la saba liliuliza bei ya fungu, na jibu lilikuwa lilelile wiki baada ya wiki. Marceline aliandika pembeni: "Bei haisogei. Fungu ndilo linasogea." Akaanza kununua mafungu na kuyapima. Mizani pekee aliyoipata ilikuwa ile ya kupimia watoto wachanga kwenye zahanati, na Sista Adrienne alimruhusu kila Jumamosi baada ya akina mama kuondoka, kwa sharti kwamba aioshe kwa sabuni mara mbili. Akagundua kwamba mvua zikinyesha na samaki kuchelewa kukauka, fungu hupungua karibu theluthi bila mtu kutamka bei mpya. Akaandika pia kuhusu nyongeza, yule samaki mdogo anayetupwa juu ya fungu baada ya mapatano: nani hupewa, nani hunyimwa, na kwamba mjane wa mfanyakazi huendelea kupewa mwezi mmoja tu baada ya matanga.

Mwanzoni Hilaire alimwambia aache kuchafua karatasi. Halafu usiku mmoja aliyasoma maandishi yote ya pembeni mfululizo, na kesho yake akaanza kuandika projet ya utafiti upya. Aliiandika vizuri, hilo hata Marceline anakubali. Alichukua yale maneno ya pembeni akayapa lugha ya uchumi, jedwali na hesabu. Kila mahali aliandika "mtafiti aliona", "mtafiti alipima". Kwenye ukurasa wa shukrani aliwataja maprofesa watatu na mkuu wa shule. Alikuwa amechapa pia jina la mkewe. Alilitazama, akafikiria mwalimu wa Ulaya akisoma kwamba mgombea wa doctorat anamshukuru mke wake muuza samaki, akaichomoa karatasi kwenye mashine na kuchapa nyingine, nayo ndiyo iliyotumwa kwa Profesa Lemmens.

"Nilijiambia ni desturi ya kazi," alinieleza.

"Hapana," Marceline alisema bila kuinua kichwa kwenye mchele. "Sema ulikuwa na haya."

"Nilikuwa na haya."

Mwezi wa pili mwaka 1975 Profesa Lemmens alikuja Lubumbashi kufundisha majuma machache, na akaandika kwamba angependa kufika Likasi siku moja kumwona mgombea. Marceline alijiandaa kuliko Hilaire. Alisuka nywele, akachinja kuku wawili, akapika bukari ya unga wa mahindi na samaki wa ziwani kwa nyanya, akaazima sahani sita kwa jirani ili zifanane. Firmin aliogeshwa mara mbili.

Hilaire alimpokea mgeni shuleni. Profesa alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye kikohozi. Hakuuliza sana kuhusu nadharia. Aliomba kuona karatasi zenyewe za sokoni, akaanza kuzifunua moja moja, akakaa nazo karibu saa nzima.

"Huu si mwandiko wako," alisema.

"Hapana, Profesa."

"Na haya ya pembeni, nani aliyaandika?"

Hilaire aliniambia kwamba nafasi aliyokuwa nayo pale ilikuwa kubwa kama mlango wa kanisa. Angesema maneno mawili tu. Kutoka shuleni hadi nyumbani kwake ni mwendo wa dakika kumi na tano, na kuku walikuwa tayari.

"Ni mwanamke mmoja wa sokoni," akajibu. "Nilimpa kazi. Aliandika niliyomwambia."

"Naweza kuonana naye?"

"Alirudi kijijini."

Profesa alisikitika. Aliuliza kijiji gani, Hilaire akasema ni mbali, upande wa ziwa, barabara mbaya wakati wa mvua. Wakaagana, gari likaondoka.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema kwa muda mrefu alijidanganya kwamba aliogopa dossier ingeonekana ya mchezo, kazi ya mtu na mkewe. Kisha akasema ukweli. Aliogopa kwamba mzee yule akiongea na Marceline nusu saa, angejua ni nani kati yao aliyeona.

Alipofika nyumbani meza ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Professeur hakukuwa na wakati," alisema. "Alikuwa anarudia Lubumbashi."

Marceline alisimama kidogo na mkono juu ya kitambaa. "Bon. Basi tutakula siye."

Akamwita jirani mwenye sahani, na Mama Berthe, wakaja kula. Hilaire alikula paja la kuku, kisha la pili, kwa sababu kukataa kungeleta maswali. Mama Berthe alimuuliza kama mzungu alipenda maneno ya fungu. Akasema alipenda sana. "Ile ni ya bibi yako, ulimuambia?" Mama Berthe aliuliza. Hilaire alikuwa na chakula mdomoni, akatikisa kichwa juu na chini.

Barua ilifika mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika. Ilikuja kwenye sanduku la posta la parokia, na Marceline ndiye aliyeichukua, kwa kuwa Hilaire alikuwa darasani. Kwa miaka mitatu walikuwa wakifungua barua za vyuo pamoja, lakini siku ile hakuweza kungoja. Aliifungua mlangoni mwa posta. Alitaka, alisema, kukimbilia shuleni na kumwita dirishani.

Chuo kilimkubali Hilaire kwenye masomo ya doctorat, na bourse ya kumlipia masomo ilikuwa tayari. Chini, kwa mkono wake, Profesa aliongeza: "Nimeendelea kumfikiria yule mwanamke uliyemwajiri, aliyerudi kijijini. Umesema aliandika ulichomwambia, lakini naona katika maneno yake ya pembeni jicho lake mwenyewe, nalo ndilo jambo jipya kuliko yote katika dossier yako. Ukiweza kumpata kabla ya safari, tafadhali muulize jina lake."

Marceline hakukimbia. Alikwenda sokoni, akauza samaki wake hadi wakaisha, akarudi, akapika. Hilaire alipokaa kula aliikuta barua kando ya sahani.

"Ulipita," alimwambia. "Banakukubali."

Aliisoma, na alipofika chini hakuinua macho.

"Papa Firmin, ule mama alirudiaka ku kijiji gani?"

Hilaire akaikunja barua.

"Nauliza tu. Minye nilizaliwa hapa hapa Kikula. Sina kijiji ya kurudia."

"Nilisema vile juu ya dossier," Hilaire alisema. "Bangesema ni bibi yangu, haiko science."

"Ulisema niliandika maneno yako."

"Ndiyo."

"Ile siku nilipika kuku."

"Ndiyo, Mama Firmin."

Aliondoa sahani, na hakulisema tena. Hilo ndilo lililomtesa. Angepiga kelele, angekwenda kwa wazee wa familia, angemweleza Mama Berthe, Hilaire angekuwa na kitu cha kujitetea nacho. Marceline alipiga pasi mashati yake ya safari, akayakunja, akayapanga.

Habari zilienea hata hivyo, maana Hilaire hakuweza kuzizuia. Kaka yake Georges, fundi wa umeme kule Koni, aliposikia alitembea nyumba hadi nyumba akitangaza. Alimtengenezea sanduku la mbao ngumu lenye pembe za chuma, na juu ya kifuniko akaandika kwa rangi nyeupe: DOCTEUR MUKALAY. Padri alitangaza baada ya misa, watu wakapiga makofi. Wanafunzi walianza kumwita Docteur. Hilaire akawa anapita njia ya nyuma, nyuma ya nyumba za matofali ambazo hazijakwisha, asipite sokoni. Lakini Jumamosi moja alikutana na Mama Berthe ana kwa ana.

"Docteur, ukifika Bulaya usitusahau," alimwambia. "Siye bamama ba fungu, tutaandikwa mu kile kitabu?"

"Mutaandikwa."

"Na Mama Firmin mbele yetu?"

Akasema ndiyo. Kisha akageuka akarudi nyumbani bila kununua alichotumwa.

Usiku ule alilala vibaya, na Jumapili baada ya misa aliketi akaandika barua kwa Profesa Lemmens. Aliandika kwamba hakuna mwanamke aliyerudi kijijini. Aliandika kwamba karatasi zote zilijazwa na mke wake, kwamba mke wake alimsaidia sana, na kwamba anaomba radhi. Alipomaliza alimpa Marceline aisome. Alitegemea, alikiri, kwamba angelia au angemshika mkono.

Marceline alisoma mpaka mwisho, akarudi katikati, akaweka kidole.

"Hapa unasema nilikusaidia."

"Si ni vile?"

"Minye sikukusaidia. Minye nilifanya. Weye ulisaidia, na ile ya hesabu. Andika tena."

Aliandika tena. Mara hii alieleza nani alifanya nini, pamoja na mizani ya zahanati na jibu alilolitoa siku ile shuleni. Neno "nilidanganya" lilimchukua muda mrefu kuliko ukurasa wote. Marceline ndiye aliyebandika stempu, na wakaenda posta wawili.

Jibu lilichelewa hadi mwezi wa kumi na moja. Wakati huo mashati yalikuwa yamekunjwa tangu Agosti, na kila mtu aliuliza anaondoka lini. Hilaire alimwambia Georges kwamba anangoja viza. Miaka ile hakuna aliyeshangaa kusikia karatasi imekwama, na uongo huo ulimtoka kwa urahisi uliomwogopesha.

Bahasha ilikuwa na barua mbili. Ya Hilaire ilikuwa fupi. Kamati haikuweza kuacha nafasi na bourse kwa mgombea aliyeficha chanzo cha utafiti wake; zilikwisha kupewa mwingine. Hata hivyo mlango haukufungwa. Angeweza kuomba tena, kwa dossier inayotaja kazi ya kila mmoja, na Profesa mwenyewe angemtetea. Barua ya pili iliandikwa "Madame Marceline Mukalay". Humo hamkuwa na huruma wala sifa nyingi. Kulikuwa na maswali mawili kuhusu nyongeza, na ombi la kujibiwa kwa urefu anaoutaka.

Marceline alijibu kwa kurasa sita. Waliandikiana miaka minne, mpaka barua yake ya mwisho iliporudi na maneno kwamba mpokeaji amefariki.

Georges alipoambiwa ukweli, na Hilaire mwenyewe ndiye aliyemwambia, aliketi chini. Kisha akauliza kama watu wengine wanajua. Hilaire akasema Mama Berthe anajua; yeye mwenyewe alikwenda kumwambia jana yake. "Basi Kikula yote inajua," Georges alisema, na akaomba maji ya kunywa. Lakini ajabu, Mama Berthe hakulieneza. Watu waliendelea kusema ni viza, wakaendelea kumwita Docteur kwa kumfariji, na Hilaire akawa hana namna ya kuwarekebisha isipokuwa mmoja mmoja, jambo ambalo alilifanya mara chache tu na kwa shida.

Hakuomba tena. Hapa ndipo Marceline alipomkatiza mara ya pili.

"Sema juu ya nini hukuomba."

Alisema kwamba mwaka wa kwanza aliona bado mapema. Mwaka wa pili vita viliingia jimboni kwetu Shaba, na wa tatu vikarudi. Baadaye alikuwa na umri mkubwa. Marceline alikuwa akimtazama. Basi akasema kwamba kila alipokaa mbele ya mashine alimwona mzee yule akifunua zile karatasi, na uso ukamwaka moto, akainuka.

"Minye nilikuwa nataka aombe," Marceline aliniambia mimi, si yeye. "Ile uongo nilisamehe zamani. Lakini kazi yangu miezi kumi na ine ilibakia mu kabati, juu bwana anaona haya. Haya yake iliniondoa mara ya pili." Akapeperusha mchele. "Ile ya pili, sijue kama nilishaka kusamehe."



Kuna jambo moja ambalo Hilaire hakulitaja, nami nalijua kwa sababu nilikuwepo. Mwaka 1981, nikiwa mwaka wa tano wa sekondari, alitufundisha somo la bei. Aliandika ubaoni jina la mke wake, akatueleza habari ya fungu linalosogea. Tulicheka, kwa kuwa wote tulimjua Mama Firmin wa samaki. Hakukasirika. Alisema alikuwa amemwomba aje darasani, naye amekataa kwa kuwa ana kazi, hivyo sisi ndio tutakwenda kwake.

Tulikwenda, wanafunzi ishirini na saba, tukasimama kuzunguka meza yake ya mbao sokoni Kikula. Marceline alieleza kwa sauti ya kawaida huku akiwahudumia wateja, na tuliandika haraka tusiachwe. Mwalimu alisimama nyuma yetu juani, mikono mgongoni, akisikiliza kama mmoja wetu. Mwishoni Hortense, msichana aliyekuwa wa kwanza darasani na asiyeogopa mtu, alimgeukia.

"Mwalimu, na weye? Weye ulifanya nini mu hii kazi?"

 Hilaire Mukalay alitazama viatu vyake, halafu akainua kichwa.

"Minye nilitunga maulizo," alisema. "Nyingi ilikuwa mubaya. Na nilipoulizwa nani aliandika majibu, nilidanganya."

Hortense aliandika hilo pia. Marceline hakugeuka, mteja alikuwa akimwonyesha fungu kwa kidole, akilalamika kwamba ni dogo.